Penultimate: neno lililonirudisha mu shamba



Wiki jana cadet mmoja wa promotion ya sasa alinitumia picha ya ukurasa wa Kiingereza. Ndani yake alizungushia neno moja mstari mwekundu, akaniuliza: "Grand, hii neno maana yake ni nini? Ni ya mwisho kabisa?" Nilicheka peke yangu mu nyumba, kisha nikanyamaza, juu neno lile lile ndilo lililonifanya nimalize masomo mwaka mzima nyuma ya wenzangu. Neno lenyewe ni penultimate. Nilimjibu kwa mistari miwili, lakini nikaona haitoshi, tena najua hayuko peke yake. Basi leo nawapa historia ya neno hilo, pamoja na bei niliyolipa ili nilijue.

Mwaka ule nilikuwa finaliste wa agronomie. Mada yangu ilikuwa mpunga wa bonde la Ruzizi: kulinganisha aina nne, kuona ipi inajenga majani mazuri na ipi inatoa mbegu nyingi. Professeur alinipa protokoli ya Kiingereza, karatasi kumi na tano hivi, akasema: "Soma vizuri, kisha ufuate." Kiingereza changu kilikuwa kile cha école secondaire: saa chache kwa wiki, mwalimu mmoja mbele ya wanafunzi sitini. Nyinyi mnajua.

Protokoli ilisema tupime urefu na upana wa penultimate leaf ya bua kuu. Leaf nilijua ni jani. Penultimate sikuijua, lakini ndani yake niliona ultimate, nikakumbuka Kifaransa: ultime, ultimatum. Ultimatum tunaijua sote hapa kwetu, redio haichoki kuitangaza: ni neno la mwisho kabla ya mambo kuharibika. Nikawaza hivi: ultimate ni ya mwisho, na ile pen iliyo mbele inakazia tu, sawa vile hyper au archi. Kwa hiyo penultimate ni ya mwisho kabisa kabisa. Na jani la mwisho kabisa la mpunga kila mwanafunzi wa agronomie analijua: ni lile la juu, linalotoka nyuma ya mengine yote, kabla suke halijaonekana. Tunaliita jani-bendera. Kutafuta mu diksionere sikutafuta. Mega zilikuwa kidogo, tena nilijiamini, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza zaidi.

Nilipima majani-bendera 120. Aina nne, marudio matatu, mimea kumi kila sehemu. Siku nne niko ndani ya maji na rula ya mbao, mama mmoja mwenye shamba la jirani ananiandikia namba mu kaye. Urefu na upana, jumla namba 240. Kila jioni nilizisoma tena kama mtu anayehesabu pesa.

Miezi mitatu ikapita. Mpunga umevunwa, majani makavu yamekwisha kuliwa na ng'ombe. Assistant aliyekuwa anasoma sura yangu ya matokeo akaniita.

"Mbona majani yako ni mafupi hivi? Hii aina watu wengine wanaipata na majani marefu."

Nikasema labda ni udongo.

"Ulipima jani gani?"

"Ile ya juu. Ya mwisho kabisa."

Akaweka kalamu chini. "Penultimate haiko ya mwisho. Ni ile inayotangulia ya mwisho."

Kwa wale ambao hawakusoma agronomie, nieleze kidogo juu ya nini jambo hilo lilikuwa kubwa. Jani-bendera lina tabia yake. Mara nyingi ni fupi na pana kuliko lile lililo chini yake, na kila aina ya mpunga inalisimamisha kwa namna yake, nyingine wima, nyingine limelala. Ndiyo maana wanaoeleza aina za mpunga, wakitaka kujua urefu wa jani, huacha bendera na kuchukua lile linalolifuata kwa chini. Hapo namba za Ruzizi zinaweza kukaa pembeni ya namba za Asia na mtu akalinganisha. Namba zangu hazikuweza kukaa pembeni ya kitu chochote. Kusema uongo, yaani kubadili kichwa cha safu na kuandika neno lingine, wazo lilinijia, siwafichi. Lakini sehemu nzima ya majadiliano ilisimama juu ya ule ulinganifu. Ilibidi kupanda tena.

Mama aliuza mbuzi wawili ili tulipe shamba la msimu mwingine na watu wa kupandikiza. Hakuniuliza neno lilikuwa gani. Aliniuliza tu: "Jani moja?" Nikajibu: "Ndiyo mama, jani moja." Wenzangu wali-défendre, nikawapigia makofi nikiwa nimekaa nyuma ya salle.

Sasa, historia. Aliyenifundisha ni baba mdogo wangu, mwalimu wa zamani aliyesoma latin-philo wakati ambapo latin-philo ilikuwa na heshima. Nilienda kumwona siku ya Mungu kisha ya misa, nimekunja uso. Nikamwambia Kiingereza kimeniharibia mwaka.

"Weye kijana, usisingizie Waingereza," akasema. "Iyo neno haiko yao. Njo ya Kilatini. Umezaliwa Bukavu, ao hapana?"

"Nimezaliwa Bukavu, papa."

"La Botte ni nini?"

"Ni presqu'île."

"Presque, île. Karibu kisiwa. Waroma waliunga paene na insula, Waingereza wakaichukua ikawa peninsula. Sasa ondoa kisiwa, weka ya mwisho. Paene ultima. Karibu ya mwisho. Umekwisha kuelewa, ao nikutafutie ubao?"

Aibu niliyoipata! Mji wetu umejengwa juu ya zile ndimi za ardhi zinazoingia mu ziwa Kivu, La Botte, Muhumba, Nguba. Toka utoto naziona, na jibu la protokoli yangu lilikuwa linaoga ndani ya maji kila asubuhi. Kisha nikakumbuka kwamba neno lile lile tulilisoma hata mu kozi ya jiomofolojia: pénéplaine, nchi iliyolikwa na mvua na mito muda mrefu mpaka ikawa karibu tambarare. Jina hilo alilitunga Mmarekani William Morris Davis mwaka 1889. Na mwanafalaki Kepler, mwaka 1604, alipotaka jina la kile kivuli chepesi kinachozunguka kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa mwezi, alichukua paene na umbra, kivuli, akapata penumbra: karibu kivuli. Pote pen ina kazi moja. Haikazi, inapunguza. Miye niliisoma kinyume chake.

Na ultima je? Shina lake ni moja na la ultra, ng'ambo. Ultimus kwa Mroma alikuwa aliye mbali kupita wote, ng'ambo ya ng'ambo, mahali ambapo nyuma yake hakuna tena kitu. Lakini juu ya nini ultima, na herufi a? Hapo baba mdogo aliinua kidole. Ni kwa sababu kuna jina la kike limefichwa nyuma yake: syllaba. Silabi. Neno hili halikuzaliwa kwa ajili ya majani, wala miaka ya masomo, wala michezo. Lilizaliwa mu darasa la sarufi, kwa kutaja silabi inayotangulia ile ya mwisho.

Wanasarufi wa Roma walilihitaji sana. Kilatini kina kanuni ambayo Quintilian, mwalimu mkubwa wa ufasaha wa karne ya 1, aliieleza mu kitabu chake cha kwanza juu ya elimu ya msemaji. Ili ujue mkazo wa sauti unaanguka wapi, usianzie mwanzo wa neno. Nenda mwisho, rudi nyuma hatua moja, uangalie silabi ile. Ikiwa ni ndefu au nzito, mkazo unakaa hapo. Ikiwa ni fupi, mkazo unaruka nyuma hatua nyingine. Wakatoliki wenye umri wa baba mdogo wanayo mifano bila kujua: Dominus, wanakaza DO, juu ile mi ya katikati ni fupi, vobiscum, wanakaza BIS, juu ni nzito. Silabi moja, ya kabla ya mwisho, ndiyo hakimu. Waliipa jina paenultima, na ile ya nyuma yake wakaiita antepaenultima, yaani iliyo mbele ya iliyo karibu ya mwisho. Ni neno refu, lakini linafanya kazi yake.

Kutoka darasani likapita mu ofisi. Kule Italia, mu miaka ya kati, kulikuwa na desturi iliyoitwa ya Bologna: wanotari waliandika tarehe za nusu ya kwanza ya mwezi kwa kwenda mbele kama sisi, lakini za nusu ya pili kwa kurudi nyuma kutoka mwisho. Siku iliyotangulia ya mwisho ikawa na jina lake, penultimo. Hebu fikirini mtu aliye na deni la kulipa siku hiyo. Akikosea kama nilivyokosea, anakuja na pesa siku imekwisha kupita.

Waingereza walilipokea neno hili kupitia shule zao za Kilatini. Walianza na umbo fupi, penult, mu karne ya 16, kwa wanasarufi. Penultimate likafuata mu karne ya 17, na polepole likatoka mu silabi likaenda popote penye mstari: sura ya kitabu, kituo cha treni, mchezo wa msimu, jani. Wafaransa wao walifanya kwa busara zaidi, naona miye. Walibakiza pénultième kwa ajili ya sarufi na watu wa fasihi, na kwa maisha ya kila siku wakasema avant-dernier, ambalo hata mtoto analifungua mwenyewe. Ile protokoli ingeandikwa Kifaransa, mbuzi wa mama wangekuwa na wajukuu. Na Waingereza nao wana namna nyepesi, last but one, ya mwisho ukiacha moja. Lakini mtu wa sayansi akipewa neno refu na neno fupi, mnajua atachukua lipi.

Faraja yangu ilikuja nilipogundua kwamba hata wenyeji wanajikwaa hapo hapo. Wengi waliozaliwa na Kiingereza hutumia penultimate wakitaka kusema bora kabisa, kilele cha vilele, kitu kilichopita hata ultimate. Wanasikia ile pen sawa nilivyoisikia miye, kama ngoma ya kukaza. Vitabu vyao vya matumizi ya lugha vinawaonya, na wao wanaendelea. Mfanyabiashara akikuambia simu yake ni penultimate, kwa Kilatini amekuambia kuna nyingine moja nzuri zaidi ya hiyo. Usinunue kabla hajakuonyesha.

Lakini kujua paene na ultima bado hakukulindi kabisa. Nilimwandikia yule cadet "ni la pili kutoka mwisho", akanijibu kwa swali zuri: "La pili, nikihesabu la mwisho kama la kwanza, ao nikianza kuhesabu kisha ya la mwisho?" Nimempenda kwa swali hilo. Ni mgogoro wa miaka elfu mbili.

Waroma walihesabu na kichwa ndani. Tarehe 31 Desemba waliiita siku ya kabla ya Kalenda za Januari, na tarehe 30 wakaiita siku ya tatu kabla, juu walihesabu na Januari mosi yenyewe: moja, mbili, tatu. Sisi tungesema siku mbili kabla. Mnafikiri hilo limekufa pamoja na Kaisari? Yesu alisulubiwa Ijumaa akafufuka Jumapili, na tunasoma siku ya tatu. Kwa kuhesabu kwa leo ni siku mbili tu kasoro. Wauguzi wetu wamesoma fièvre tierce, homa ya tatu, ile ya malaria inayorudi kila saa 48: leo inapanda, kesho inapumzika, kesho kutwa inapanda tena, na hiyo kesho kutwa ndiyo ya tatu ukihesabu na leo. Fièvre quarte nayo inarudi kila saa 72. Na sisi wenyewe, tukimwambia mtu rudi kisha ya quinze jours, tunataka aje kisha ya wiki mbili, siku 14. Mroma amekaa ndani ya kinywa chetu.

Penultimate ni ya jamii hiyo. Mwisho unahesabiwa ndani: wa mwisho ni wa kwanza kutoka nyuma, na wa mbele yake ni wa pili. Kiswahili kinakubali hivyo hivyo tunapotoa matokeo ya darasa: wa pili kutoka mwisho ana mtu mmoja tu nyuma yake, na wote wanajua ni nani.

Nafika sasa kwenye jambo lililonishangaza kupita yote. Tuna maneno ya kupanga siku, kesho, kesho kutwa, na watu wa pwani wanaongeza mtondo na mtondogoo. Lakini kwa penultimate hatuna neno moja. Tunaizunguka kwa maneno matatu. Na ni sisi hasa ambao tungelihitaji, juu Kiswahili chote kimesimama juu ya penultimate! Semeni kwa sauti: kitabu. Uzito uko kwenye TA. Ongezeni ni: kitabuni. Uzito umehama, uko kwenye BU. Penda, unakaza PE, pendana, NDA, pendaneni, NE. Kila mkia unapoongezwa, mkazo unasogea nao, unabaki daima hatua moja kabla ya ukingo. Kilatini kilikuwa kinauliza kwanza kama silabi ni nzito, Kiswahili hakiulizi. Wenye kukataa ni wachache, na mmoja wao ni maarufu: barabara. Ukikaza BA ya tatu, unasema njia ya magari. Ukikaza RA ya kwanza, unasema sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile. Silabi moja nyuma, na maana imegeuka. Zile za kwetu, kwa hali ilivyo, ni nadra kustahili neno lile la pili.

Majina ya miji yetu yanafuata hivyo: bu-KA-vu, lu-bu-MBA-shi, GO-ma. Sikilizeni redio za Paris: wanasema Goma na uzito nyuma, juu Kifaransa kinapenda kuegemea mwisho. Kwa sikio hilo tu unajua msemaji hajawahi kushuka pale.

Kuna kitu kingine kidogo nilichokifurahia. Krapf, yule mmisionari aliyeishi karibu na Mombasa, alichapa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850 kule Tübingen. Mu kichwa cha kitabu ameandika Kisuáheli, na alama ya mkazo juu ya a. Hesabuni kutoka mwisho: li, he, a. Ya tatu! Leo tunakaza HI, ya pili. Miye nasoma kwamba sikio lake lilifuata Kiarabu, sawahil, pwani zile, ambapo a ya katikati inavutwa ndefu. Kwa hiyo moja ya sarufi za kwanza kabisa za lugha yetu ina, juu ya jalada, kosa la hatua moja kutoka mwisho kama langu, ao tuseme tofauti ya hatua moja, kwa heshima. Hata Kiswahili chetu cha huku, kilichofika Maniema na misafara ya kutoka Zanzibar mu karne ya 19, kimebadilisha viambishi vingi, kimemeza sauti nyingine, kimeoa Kifaransa. Lakini mkazo haukuhama. Bibi ambaye hajawahi kuona sarufi anaukaza mahali pake bila kukosea.

Hapo ndipo nilielewa nini hasa nilikosa mu shamba. Sikukosa tafsiri peke yake. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hao unaweza kuwataja mara tu wanapotokea. Mwanzo umekwisha kuwa mwanzo, hakuna atakayekuja nyuma kuubadilisha. Penultimate hauwezi kuitaja mpaka mwisho uwe umefika. Mu mpunga, kila jani jipya linapotoka, unaweza kudhani ni la mwisho. Kumbe ndani ya ala kuna lingine linakuja. Ukipima mapema, lile uliloliita la pili kutoka juu linakuwa la tatu wiki ijayo. Lazima ungoje bendera isimame.

Watu wa migomba wanajua zaidi. Wakitaka kuchukua kipande cha jani kwa kupima madini, wanachukua jani la tatu, wakihesabu kutoka juu, na la kwanza ni lile changa lililokwisha kufunguka lote. Mgomba usiotoa ua bado, ukipata joto na mvua, unafungua jani jipya kila wiki moja ao mbili. Basi jani lile lile, bila kusogea hata kidole, leo ni la tatu, kisha ni la nne. Wakulima wa kwetu hawaandiki namba hizo. Wanatazama juu, wanaona lililokunjwa, wanateremka nalo.

Na tulikuwa na mwenzetu mmoja, sitamtaja, aliyekuwa anatushinda sote mu kemia ya udongo. Tulipokuwa mwaka wa kabla ya finaliste, tulikuwa tunapanga pamoja mada za mémoire. Tulikuwa tunausema hivyo, mwaka wa kabla ya mwisho, kwa urahisi, kama vile wa mwisho ulikuwa umekwisha kulipiwa. Baba yake aliaga dunia wakati wa likizo, na wadogo walikuwa watano. Hakurudi. Leo anauza pembejeo sokoni, anaeleza wateja mbolea vizuri kuliko wengi wetu wenye licence. Kwake yeye mwaka ule ulikuwa wa mwisho, na tulikuwa tunakaa naye kwenye benchi moja tukiuita jina lingine.

Msimu wa pili nilirudi Ruzizi mapema kuliko ilivyohitajika. Mama yule wa shamba la jirani alikuwepo, na kaye yake ile ile, ukurasa mpya. Nilimweleza tatizo la mwaka uliopita. Akashika bua moja, akalipapasa chini ya jani la juu, pale ala inapoanza kuvimba.

"Iyi iko na mimba," akasema. "Bendera bado. Rudi kisha ya siku nane."

Nikamuuliza siku nane zake ni saba ao nane. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikarudi siku ya saba, bendera zilikuwa zimesimama karibu zote. Tukapima jani la chini yake. Neno la Kiingereza sikulitumia tena. Mu kaye yeye aliandika juu ya safu, kwa herufi kubwa: CHINI YA BENDERA. Mu mémoire nililazimika kuandika avant-dernière feuille, lakini kaye ninayo bado.